Mwana wa Mfalme Anapofika Umri wa Makamo

Eddie Murphy alikuwa na miaka 27 filamu ya Coming to America ilipotoka mwaka 1988. Humo alicheza Akeem, mwana wa mfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Zamunda, kijana anayetimiza miaka 21 na kuletewa mchumba aliyefundwa tangu utotoni kutii kila atakaloambiwa na mumewe. Akeem anakataa. Anapanda ndege na rafiki yake Semmi hadi Queens, New York, anapanga chumba kibovu, anapiga deki kwenye mgahawa wa mzee Cleo McDowell, na huko anampata Lisa, mwanamke mwenye akili zake na kauli yake. Sehemu ya pili, Coming 2 America, ilitoka Machi 5, 2021. Kati ya filamu hizo mbili ipo karibu miaka 33, na watoto waliobanana kwenye vibanda umiza vya Mikumi kuitazama ile ya kwanza sasa ni watu wa makamo.

Mimi ni mmoja wao. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kabla ya hapo, na hata baada yake kwa sisi tuliokaa mbali na mitambo, sinema ilikuwa deki, jenereta na mwenye banda anayekusanya hela mlangoni. Ndani joto na jasho, mabenchi yamesogezwa hadi magoti ya mtu yanagusa mgongo wa mwenzake. Tuliokuja kwa lifti ya lori kutoka Ulaya, hii yetu ya Kilosa yenye Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni, tulihesabu kwamba tumefika mjini pale tu tulipokwisha kukaa humo. Ratiba ilikuwa Rambo, Commando na Bruce Lee. Steringi anamaliza jeshi zima peke yake, adui mkuu anakufa mwisho, watu wanatoka wakipigana ngumi za hewani. Halafu siku moja ukawekwa mkanda ambao steringi wake hakuua mtu hata mmoja. Alishika ndoo na fagio la deki, akatabasamu.

Tulichokishika zaidi kwenye mkanda ule ni kule kuondoka. Ikiwa mtoto wa mfalme anaacha kasri na kwenda kufanya kibarua ugenini ili ajijue bila kivuli cha baba yake, mtoto wa mkulima wa mpunga anazuiwa na nini? Njia zilikuwepo. Reli ya kilomita 108 kutoka Kilosa hadi Kidatu ilitupitia huku huku, na inakoishia kuna miwa ya Kilombero, ambako kijana mwenye kifua hakukosa kazi ya kukata. Upande wa Kilosa na Kimamba kulikuwa na mkonge, ingawa enzi yake kubwa ilishapita. Na Mikumi kwenyewe inapita barabara kuu ya kwenda Zambia. Malori yakisimama kupumzika, kabla au baada ya kukatiza hifadhi, utingo mmoja akiugua mwingine alipatikana palepale. Hivyo ndivyo wengi wa rika langu walivyotoka. Hakuna aliyeaga kwa hotuba. Mtu alikosekana kwenye palizi, baada ya mwezi ikaja salamu kutoka Makambako au Tunduma.

Sasa tazama kilichompata Akeem. Katika sehemu ya pili ana binti watatu aliowazaa na Lisa. Mkubwa wao, Meeka, ni hodari, anaijua nchi, amejiandaa maisha yake yote kuiongoza. Sheria ya Zamunda haimruhusu mwanamke kurithi kiti, na Akeem, yule yule aliyekataa kuchaguliwa mke, anaisimamia sheria hiyo. Akigundua kwamba ana mtoto wa kiume huko Queens, aitwaye Lavelle, anakwenda kumchukua, anamvika mavazi ya kifalme na kumpangia ndoa na binti wa Jenerali Izzi wa nchi jirani ili kuepusha vita. Kila alichokikimbia akiwa kijana anakitandika mbele ya mwanawe. Lisa, aliyemfuata kutoka Marekani kwa sababu ya uungwana wake, anaudhika naye hadi nyumba inapoa.

Kama kazi ya sanaa, filamu ya kwanza ni bora kwa mbali. Ya pili inarudia vichekesho vya zamani, inajaza wanamuziki wageni, Gladys Knight yumo, Davido yumo, na mambo mazito inayafungua na kuyafunga haraka mno. Lakini swali lake ni zito kuliko la kwanza. Filamu ya kwanza inamuuliza kijana: utathubutu kuondoka? Ya pili inamuuliza mtu mzima aliyethubutu, akaondoka, akapata: sasa unamzuia nani?

Lipo tukio moja ambalo vijana hulicheka na watu wa umri wangu hulinyamazia. Yule mchumba wa mwaka 1988, Imani, Akeem alimwambia aruke kwa mguu mmoja na kubweka kama mbwa, apime kama kweli atatii lolote. Akatii. Akeem akaenda zake Marekani kutafuta mapenzi ya kweli. Katika sehemu ya pili Imani yupo, na bado anaruka kwa mguu mmoja, bado anabweka. Miaka thelathini hakuna aliyekumbuka kumwambia imetosha. Watunzi waliliweka kama kichekesho cha kupita, nami naona ni tukio la kweli kuliko yote katika filamu ile. Kila aliyeondoka kijijini akiwa kijana ana mtu aliyemwachia neno, ahadi au amri, kisha akasahau. Dada aliyeacha shule ili kaka amalize. Mdogo aliyeambiwa abaki na mama hadi nitakaporudi, na kurudi kukawa kwa Idi na misiba.

Hollywood inazo sehemu za pili za aina nyingine, na wenye umri wangu huzipenda zaidi kwa sababu zinabembeleza. Top Gun ilitoka mwaka 1986. Top Gun: Maverick ikaja mwaka 2022, Tom Cruise akikaribia kutimiza miaka 60, na humo rubani wa zamani bado ndiye mwepesi kuliko vijana wote anaowafundisha. Dunia nzima ililipa karibu dola bilioni moja na nusu kuambiwa hivyo. Rambo naye alirudi mwaka 2008, akarudi tena 2019, na kila aliporudi bado alikuwa anaua. Filamu hizo zinakwambia kwamba bado unaweza. Ni faraja, siikatai, lakini mtu wa miaka 47 anayehitaji kuambiwa hivyo na Tom Cruise ana tatizo ambalo ndege ya kivita haitalitatua. Sylvester Stallone, Rambo mwenyewe, alionyesha njia nyingine mwaka 2015 katika Creed, ambamo Rocky hapandi tena ulingoni. Anashika taulo la kijana ambaye si mwanawe.

Sisi wa hapa neno sehemu ya pili tulilizoea kwa maana nyingine kabisa. Wakati filamu za Bongo zilipouzwa kwa diski, hadithi moja ilikatwa vipande viwili, ukanunua sehemu ya kwanza, ukapandwa na kiherehere, ukarudi dukani kununua ya pili. Mhusika hakuzeeka hata siku moja kati ya diski na diski. Steven Kanumba alitupa hadithi nyingi za namna hiyo. Alizaliwa Januari 8, 1984, akafariki Aprili 7, 2012, akiwa na miaka 28. Hatutamwona akicheza baba mwenye mvi anayegombana na kijana aliyefanana naye. Nikiwaza filamu ambazo nchi hii imezikosa, hiyo ndiyo huniuma kuliko zote.

Coming 2 America niliitazama Mikumi, nyumbani kwa rafiki yangu wa tangu utotoni, ikiwa kwenye flashi. Yeye aliondoka Ulaya akiwa na miaka kumi na saba. Baba yake alitaka ashike shamba la mpunga. Yeye alitaka injini. Akawa utingo, akawa fundi wa kando ya barabara, kwa sasa ana gereji yake na mafundi wanne, na malori ya kwenda Tunduma humtafuta kwa jina. Kwa kipimo chochote cha kwetu amefika. Binti yake amesoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Alipomaliza, baba alitarajia ofisi, kiyoyozi, na picha ya kitambulisho shingoni. Binti akasema anarudi Ulaya kulima ufuta na mpunga.

“Sikukusomesha uje kushika jembe,” alimwambia.

Nimeisikia sentensi hiyo kwa wazazi wengi wa rika letu, na siichukulii kama ukatili. Nyuma yake upo mgongo uliovunjika kwa mpunga, lipo gunia lililouzwa kwa bei ya kutupa ili ada ipatikane, ipo njaa ya Machi wakati mahindi hayajakomaa. Mzazi akisema hivyo anamlinda mtoto na maisha aliyoyakimbia yeye. Kosa liko kwenye hesabu. Anadhani kilichomwokoa ni injini, kumbe ni kule kuchagua. Kama baba yake angempeleka gereji kwa nguvu huenda leo angekuwa mkulima.

Tulipofika pale Akeem anapomkatalia Meeka, rafiki yangu aliomba turudishe nyuma. Tukarudisha. Akatazama, hakusema kitu, akaniuliza kama chai yangu imepoa. Binti alikuwa amekaa nyuma yetu na laptopu, wala hakuinua kichwa.

Hapo inabidi nieleze jambo ambalo mtazamaji wa New York hawezi kulijua. Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na Waluguru, watu wa milima na mabonde haya ya Morogoro, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mkubwa wa kusemea mtoto ni mjomba, kaka wa mama, na ardhi ya ukoo ilipita njia hiyo hiyo. Sheria ya Zamunda, kwamba binti hawezi kurithi, kwa bibi zetu ingeonekana kama kichaa fulani cha watu wa mbali. Mambo yamechanganyika tangu hapo. Dini zimekuja na mirathi zake, vijiji vya ujamaa vilihamisha watu na mashamba miaka ya 1970, na baba mwenye fedha siku hizi anataka mali yake iende kwa watoto wake mwenyewe, si kwa wapwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo imempa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi kama mwanamume, bila kujali ukoo unahesabiwa upande gani.

Matokeo yake ni kwamba mwanamume wa makamo wa kwetu ana viti viwili. Nyumbani kwake ni baba. Kwa dada yake ni mjomba. Na anaweza kuwa watu wawili tofauti kabisa kwenye viti hivyo. Nawafahamu wanaume walio wakali kwa watoto wao hadi mtoto anakwepa sebule, lakini mpwa akiingia na wazo lake, hata liwe la ajabu namna gani, wanamsikiliza, wanatoa nauli, wanamtafutia mtu wa kumshika mkono. Ujomba huwatoa hofu. Mtoto akishindwa, aibu ni yako. Mpwa akishindwa, umesaidia ndugu. Nadhani ndiyo maana rafiki yangu, baba mgumu, ni mjomba anayependwa na wapwa wote, na wawili kati ya mafundi wake wanne ni watoto wa dada zake.

Binti yake aliijua hesabu hiyo vizuri. Hakubishana na baba. Alikwenda kwa mjomba wake, kaka wa mama yake, pale Ulaya, akaomba ardhi ya ukoo wake. Akapewa eka tatu.

Nikiwaza habari za kutamani makuu na kubadilika kadiri umri unavyokwenda, siwezi kuliruka jina la Joseph Haule, maana Ulaya imo katika jimbo la Mikumi na yeye aliwahi kuwa mbunge wetu. Nchi nzima inamfahamu kama Professor Jay. Alizaliwa Desemba 1975, akatokea na kundi la Hard Blasters, na mwaka 2001 akatoa albamu ya Machozi Jasho na Damu. Wimbo wake wa Ndio Mzee ulimchora mwanasiasa anayeahidi yasiyowezekana mbele ya umati unaoitikia. Tuliucheka nchi nzima. Baadaye akafanya jambo ambalo wanamuziki wachache wa hapa wamelifanya kwa ustadi huo: akamrudisha mwanasiasa yule yule kwenye Kikao cha Dharura, kisha akamrudisha tena kwenye Nang'atuka, akiachia madaraka. Hadithi ya mtu mmoja katika nyimbo tatu, na kila wimbo ulimkuta msikilizaji akiwa amekua kidogo.

Mwaka 2015, akiwa na miaka 39, aliyeimba akawa mwenye kuomba kura. Aligombea Mikumi kwa tiketi ya Chadema akashinda. Mtu aliyefanya taifa zima lijue kutilia shaka jukwaa la siasa alisimama juu ya jukwaa hilo, mbele ya watu wenye kiu ya maji na barabara, ambao walikuwa na wimbo wake kichwani. Sidhani kama yupo mgombea mwingine wa nchi hii aliyejiwekea kipimo kigumu namna hiyo miaka kumi na nne kabla ya kupimwa. Mwaka 2020 kiti kikaenda kwa Dennis Londo wa CCM. Wimbo wa kuachia madaraka alikuwa ameshauimba miaka mingi kabla hata ya kuyapata.

Mapema mwaka 2022 aliugua sana na kulazwa Muhimbili. Nchi ilimwombea bila kujali chama. Alipopona alitoa wimbo uitwao Siku 462 juu ya ugonjwa ule, na akaanzisha taasisi inayobeba jina lake kusaidia wagonjwa wa figo. Kuna wanaosema hiyo ni kushuka, kutoka bungeni hadi kuomba michango ya wagonjwa. Nawapinga. Mtu huyu amekuwa rapa, mbunge na mgonjwa, na kila mara ametumia alichokipitia kuwasemea wengine. Akeem alihitaji filamu nzima kufika hapo, tena kwa kusukumwa.

Mwisho wa Coming 2 America unajulikana: Akeem anabadili sheria, Meeka anakuwa mrithi, Lavelle anamwoa aliyemchagua mwenyewe. Wiki mbili baada ya filamu hiyo kutoka, Machi 19, 2021, Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho. Katiba yetu haikuhitaji kubadilishwa ili hilo litokee. Lakini nakumbuka wiki ile wanaume wa makamo, wenye busara zao, wakiulizana kwenye vijiwe vya kahawa kama nchi itaweza, na kila mmoja wao alilelewa na mama na bibi walioamua nani alime wapi.

Jambo jingine la umri huu ni kwamba mbele yetu panazidi kuwa wazi. Madge Sinclair, malkia wa filamu ya kwanza, alifariki mwaka 1995 na hakuiona ya pili. James Earl Jones, mfalme Jaffe Joffer, alikuwa na miaka 90 sehemu ya pili ilipotoka, na humo mfalme anaamua mazishi yake yafanyike akiwa hai ili asikie mwenyewe watakayomsifu. Yeye na John Amos, aliyecheza mzee McDowell, wote walifariki mwaka 2024, Amos Agosti, Jones Septemba. Baba wa rafiki yangu naye ameshatangulia. Hakuna aliyebaki wa kumwambia kwamba alifanya sawa kuikimbia palizi, na hakuna wa kumwombea ruhusa ya kumwacha bintiye aifuate.

Nilipita Mikumi msimu wa mvua ulipokaribia. Gereji ilikuwa imejaa, rafiki yangu yuko chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Binti alikuwa ameketi juu ya tairi na daftari mkononi. Alinisalimu, “Shikamoo baba mdogo,” nikaitikia, akaendelea na mazungumzo yake na ile miguu.

“Baba, yule mwenye trekta amekubali Jumatatu. Ila injini yake inatoa moshi.”

“Moshi mweusi au mweupe?”

“Mweupe.”

Miguu ikatulia kidogo. “Hiyo inataka mtu wa kuiangalia kabla hajaingia shambani. Bei ya fundi unaijua?”

“Naijua. Mjomba amesema atalipa.”

Akatoka chini ya lori, mafuta hadi kwenye nyusi, akanitazama mimi kana kwamba mjomba huyo ni mimi. “Mwambie huyo shemeji yangu,” akasema, “kwamba mtoto wangu mimi hanilipi kwa hela ya mtu. Jumatatu saa ngapi?”